Mtu wa Nne Ukutani

Jumapili, Machi 9. Kilema, mlimani.

"Picha ya vita kazi yake ni kumfanya kijana asimame wima. Anayetaka matope na maiti aende wodini."

Maneno hayo ni ya Mzee Eliudi, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wa askari wastaafu pale Bomang'ombe. Aliyasema jana mbele ya watu arobaini, na watu arobaini wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nayajibu hapa kwanza, gazetini baadaye.

Kijana aliyesimamishwa wima na picha ataanguka siku atakayosikia mlio wa kwanza. Nimefundisha historia miaka ishirini na sita, nimesoma vita vya mabara matatu, na picha zake nimezitazama hadi macho yakachoka. Ni picha ile ile. Kifaru kinapanda mlima, jua liko nyuma yake, ndege ya adui inafuka moshi pembeni, na hakuna mwenye kucha chafu. Tena zote zimechorwa kutoka mahali ambapo hakuna binadamu aliyesimama, juu kidogo ya miti, kana kwamba mchoraji alikuwa mwewe. Mzee Eliudi mwenyewe alipigana vita vya Kagera akiwa stoo, Tabora, akigawa mablanketi. Stoo nayo ni jeshi, sikatai. Lakini aliyekuwa stoo asitufundishe rangi ya moshi.

Ukuta wa ukumbi utakaochorwa una mita kumi na moja. Vifaru vitatu, ndege mbili. Mchoraji ni mtu wa Rau, Gidioni, anayewachorea watalii tembo. Ukumbi utafunguliwa Siku ya Mashujaa, mwezi wa saba.

Kaka yangu Martin aliendesha kifaru katika vita vile. Ana miaka sitini na tisa na hajawahi kuniambia neno moja la huko. Leo alikuwa barazani akimenya ndizi, nikamsomea maneno ya Eliudi.

"Mtori wa leo una nyama?" akauliza.

Machi 14

Mvua imeanza. Kahawa imechanua, shamba zima linanukia.

Machi 17

Gidioni kaja mwenyewe, viatu vimejaa udongo mwekundu. Nilijiandaa kupokea mtu wa maringo. Kaja mtu mwembamba wa miaka arobaini na kitu, mwenye rangi kwenye kucha, na anaogopa ng'ombe.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye mchora tembo?"

"Ndiye. Tembo hajawahi kuja kulalamika. Hawa wazee wanalalamika kabla sijafungua kopo."

Nikampa somo langu la mwewe. Akasikiliza hadi mwisho, kikombe cha chai mkononi, kisha akasema kwa upole, "Lakini mwalimu, hata ramani inachorwa kutoka mahali ambapo hakuna mtu aliyesimama. Na wewe uliifundishia."

 Jibu nilikuja kulipata saa moja baada ya yeye kuondoka, nalo si zuri sana.

Kumbe alikuwa amemfuata Martin. Anatafuta madereva wa vifaru walio hai, na mlimani huku wamebaki wachache. Martin akamwambia, "Niliendesha. Basi," akaenda kukata majani ya ng'ombe. Gidioni hakumsumbua. Akamwomba Kornelia, wifi yangu, magogo mawili ya mgomba yaliyoanguka.

Machi 18

Sasa nimeelewa magogo ni ya nini. Gidioni hachori kitu ambacho hajakitengeneza kwanza. Anachonga vifaru kwa mgomba, kwa panga na kisu cha jikoni. Mnyororo ni vipande vilivyokatwa kama mihogo, mzinga ni bua la muhindi. Akaviweka kwenye tope kando ya mfereji wetu, akalala kifudifudi na simu yake, akatazama jinsi mwanga unavyovipiga. Mtu mzima, tumbo kwenye tope. Kornelia alicheka hadi akakaa chini.

Martin alikuwa anapita na mzigo wa majani. Akasimama. Akatazama.

"Mzinga umeuweka mbele mno," akasema. Kisha akatua mzigo, akapiga magoti. "Na dereva anakaa kushoto. Kushoto, mbele, chini. Hapa. Kichwa chake kiko chini ya mzinga."

Nilikuwa dirishani. Sikuthubutu hata kukohoa.

Machi 22

Siku ya tano mfululizo wako matopeni. Niandike ukweli, shajara hii si gazeti: nina wivu. Miaka arobaini na sita nimemngoja kaka yangu aseme, na mtu wa Rau kamfungua kwa gogo la mgomba.

Machi 29

Gidioni kaleta mchoro wa penseli. Vifaru vizuri. Juu yake ndege mbili zinapigana, moja inaungua. Martin akauweka kwenye mwanga wa mlango, akaanza kucheka.

"Ndege umeziona wapi?"

"Kwenye picha, mzee."

"Ehe. Sisi hatukuziona. Ukiwa mle ndani, ndege ni sauti inayoingilia kwenye meno. Anga unaliona kama hivi." Akaonyesha upana wa vidole viwili.

"Kwa hiyo nizifute?"

"Kamati imetaka ndege, wape ndege. Lakini zifanye ndogo. Sisi tulikuwa tunatazama barabara."

Nimepata silaha niliyokuwa naitafuta. Kesho naandika.

Aprili 3

Makala imetoka: "Ndege Ambazo Hakuna Aliyeziona". Saa tatu asubuhi Mzee Eliudi kapiga simu.

"Mwalimu Zita, wewe wakati huo ulikuwa na miaka minane."

"Na wewe ulikuwa na mablanketi."

Akakata. Nilifurahi hadi mchana. Mchana furaha ikaisha, na sijui kwa nini.

Aprili 8

Mvua. Barabara ya kwenda misheni imekatika. Lori limekwama tangu jana.

Aprili 12

Leo kimetokea kitu.

Kifaru cha mbele ukutani kitakuwa cha Martin. Gidioni anataka kuwachora wote waliokuwemo na kuandika majina yao chini. Kifaru kina watu wanne: kamanda, mpiga mzinga, anayepakia makombora, na dereva. Martin akataja la kamanda, la mpiga mzinga wa Mtwara, na lake. Gidioni akaandika, kalamu ikabaki hewani.

"Na wa nne, mzee?"

Martin akaweka kikombe chini, akatoka mvuani bila kofia.

Kornelia akafuta meza mahali palipokuwa pasafi. "Wa nne msimuulize," akasema.

Mimi wa nne namjua. Niliandika habari zake miaka tisa iliyopita. Elisifa, kijana wa juu ya Bomang'ombe, Mlutheri. Hakurudi, na kwenye orodha aliandikwa "hayupo". Huko kwao neno hilo likageuka kuwa mtoro. Nilisimuliwa kisa chake dukani, hata kifaru alichokuwemo, sikumuuliza mtu mwingine, hata kaka yangu aliyeketi naye ndani ya chuma kimoja. Nikaandika kwamba kama kweli alikimbia, basi katika jeshi zima huyo ndiye aliyekuwa na akili. Nikaweka jina lake kamili. Ni makala iliyonipa sifa kuliko zote. Watu walinisimamisha njiani kunipongeza.

Jumamosi, Aprili 19

Ninaandika mchana huu huu kabla sijaanza kuyatengeneza maneno, maana mimi hutengeneza.

Martin kaniita barazani asubuhi. Mvua ilikuwa inapiga bati, ilibidi asogee karibu. Hakunitazama. Alizungumza akiutazama mfereji.

"Tulikwama. Ilikuwa barabara tu, vita vilikuwa mbele. Ng'ambo ya mto, njia ya kwenda Masaka, mvua ya mwezi wa tatu kama hii. Udongo mweusi. Upande wa kushoto tumezama. Wenzetu wamepita. Kamanda anatukana. Pembeni kuna migomba, shamba zima, wenyewe wamekimbia. Elisifa akaniambia, 'Mangi, tukate migomba tutandike, kama tunavyotandikia lori la kahawa.' Kamanda hakujua mgomba, yule wa Mtwara hakujua mgomba. Tuliojua ni sisi wawili wa mlimani. Wakatuamini."

 Nikangoja. Si kawaida yangu.

"Lori la kahawa ni tani saba, Zita. Chini kuna mawe, na watu ishirini wanasukuma. Kile kilikuwa na tani thelathini na sita, na chini hakuna kitu. Mgomba ukiulalia hivyo unakuwa maji. Kila mtoto wa huku anajua mgomba una maji. Tulijua. Hatukufikiri.

"Alikuwa amepiga magoti ubavuni, anapanga gogo la tatu. Mimi niko ndani. Ikaja ndege. Kamanda akapiga chuma kwa buti: twende! Nilisikia ndege. Elisifa sikumsikia. Nikakanyaga. Hakikwenda mbele. Kiliteleza kando, kama mtu aliyebeba ndoo."

Mvua ilikuwa inaendelea tu.

"Tulimfunika kwa majani ya migomba ile ile. Kamanda akasema ataandika taarifa. Baada ya siku nne kamanda naye akafa, hajaandika. Mimi nikalazwa na homa. Akaja mtu na orodha kitandani kwangu, akauliza, wa nne yuko wapi? Nikasema sijui."

"Martin. Mimi nilipoandika..."

"Nilisoma."

"Kwa nini hukunizuia?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Uliandika vizuri mno. Nikaona afadhali awe mtoro anayesifiwa kuliko maiti niliyemuua mimi."

Jumapili, Aprili 20. Pasaka.

Nilikaa benchi la nyuma. Sikuimba.

Aprili 26

Elisifa ana dada, Martha, miaka sabini na mbili, anaishi kwenye kihamba, shamba la ukoo, walichoachiwa na wazazi wao. Martin alitaka kwenda peke yake. Kornelia akasema, "Utafika getini urudi. Mpeleke, Zita." Akakata isale mpakani mwa shamba, jani ambalo mtu wa huku haendi kuomba msamaha bila kulishika, akalifunga fundo, akampa mumewe.

Martha alitukaribisha vizuri, akatuletea ndizi na maziwa mgando, akidhani tumetoka kwa kamati. Martin akalitoa jani, akalishika kwa mikono miwili, akasema yote akiwa amesimama. Hakupunguza kitu. Hakuitaja ndege kama kisingizio.

Martha alilipokea jani. 

"Jani halikataliwi," akasema. "Nimelipokea. Wewe, ngoja kwanza."

"Nitangoja, mama."

Kisha akanigeukia mimi. Nilikuja kama msindikizaji, nikasahau kwamba nami nina kesi.

"Wewe ndiye mwalimu wa gazeti."

"Ndiye."

"Mama alikuwa hai ulipoandika. Miaka yote alikuwa ameshakubali kwamba Elisifa amekufa, hata kama watu walimwita mama wa mtoro. Mwinjilisti akamsomea gazeti lako. Mama akaniambia, 'Martha, kumbe alikuwa na akili. Basi yuko hai. Mbona haji?' Tangu siku ile akawa anamwekea kiburu chake, ndizi na maharage, kwenye sahani, na kufunika. Miaka miwili. Alikufa ananiuliza kama mlango umefungwa kwa komeo."

Nina maneno mengi. Naishi kwa maneno. Pale sikuwa na hata moja, na namshukuru Mungu, maana ningelitumia.

Tulipokuwa tunaondoka akamwuliza Martin, "Hapo ukutani wanapoandika majina, lake litakuwepo?"

"Litakuwepo."

Aliahidi kitu ambacho si chake. Hilo ndilo linalonitisha sasa. Mwanamke huyu hana kaburi, hana barua. Ana ukuta wa watu wengine.

Aprili 30

Makala fupi. "Mimi Zita niliandika uongo juu ya marehemu Elisifa." Nimeeleza ukweli mzima, Martin kaniruhusu kumtaja jina. Safari hii hakuna aliyenisimamisha njiani.

Mei 9

Nimekwenda kuuona ukuta. Gidioni amebadilisha picha bila kumwuliza mtu. Vifaru viwili vinaishia mbali kwenye ukungu. Ndege mbili ziko juu, ndogo kama nzi, moja ina moshi. Mbele kabisa kifaru cha tatu kimelala ubavu topeni, vifuniko viko wazi, vichwa vitatu vinatazama juu. Na chini, karibu na sakafu, kwa ukubwa wa mtu kamili, kijana amepiga magoti, bega lake limesukuma gogo la mgomba. Yeye peke yake hatazami ndege. Anatazama kazi.

Nilikuja na kalamu ya kukosoa. Miaka yote nimesema picha ya vita ni lazima idanganye. Nimesimama pale kama robo saa.

"Sema kitu basi, mwalimu," Gidioni akasema. "Unanitisha ukinyamaza."

"Kucha zake ni chafu."

"Nilijua utazitazama."

Mtu akisimama mbele ya ukuta, magoti ya Elisifa yanagusa sakafu ile ile anayoikanyaga. Mvua ilikuwa imeacha kidogo. Nilitoka nje, kalamu bado iko mfukoni.

Mei 17

Kamati imekaa. Wajumbe saba. Nilipewa dakika kumi, nikatumia ishirini.

Hawakatai tena kwamba Elisifa alikufa kazini. Jina lake litaandikwa. Lakini hawataki aonekane. "Hatuwezi kuwaonyesha wageni kifaru chetu kikimuua mtu wetu," akasema mmoja. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Uamuzi: ile sehemu ya chini ipakwe rangi ya udongo, kifaru kinyanyuliwe, kiende mbele. Gidioni kakataa, kakusanya brashi zake. Watatafuta fundi mwingine.

Nilimfuata Mzee Eliudi nje, hasira zimenipanda. Alikuwa amesimama chini ya bati, anangoja mvua ipungue, mkoba kifuani.

"Mzee, unaogopa nini?"

"Kaa kimya kidogo, mwalimu. Umesema ndani dakika ishirini." Akafuta miwani. "Unanicheka kwa mablanketi. Mablanketi yalikwisha mapema. Baadaye nilikuwa nafunga nguo za waliokufa, kuzirudisha makwao. Kwa mkono huu. Nilizisindikiza nyingine mwenyewe. Kila mama aliniuliza swali lile lile: alipigwa akienda mbele, au akirudi? Mimi sikuwepo, ningejuaje? Nikawaambia wote, mbele. Wote. Sasa nataka ukuta useme nilichosema."

Sikuwa nimemfikiria hivyo hata mara moja. Nilimtengeneza kikaragosi kwa sababu kikaragosi hupigika kirahisi. Ni mzee aliyebeba nguo za watoto wa watu kwa basi hadi milangoni kwao, akasema uongo wa huruma, na bado anausimamia.

Nikamwambia, "Mama yake Elisifa hakupata hata kifurushi."

"Najua. Jina halikuja kwangu."

Mvua ikapungua. Akashuka ngazi taratibu, akishika ukuta. Hakubadilisha kura yake.

Mei 20

Martin haji kula. Anakaa mferejini. Mifano ya mgomba imeoza.

Mei 28

Martha kapiga simu, sauti kavu. Kamwona fundi mpya sokoni, kaambiwa kazi ni Jumamosi ya tarehe saba. Akaniuliza, "Huo ukuta mtu anaruhusiwa kuingia kuutazama?" Nikasema ni ukumbi wa umma. "Basi nitakwenda mapema," akasema. "Nina kiti changu cha kukunja." Kisha: "Mwambie Martin naye aje. Kungoja kwake kumekwisha."

Nilipomwambia, Martin alikwenda moja kwa moja kunoa wembe wa ndevu.

Juni 2

Jua limetoka siku ya tatu. Barua hii nimeinakili mara saba kwa mkono, na kesho naipeleka mwenyewe, mlango kwa mlango.

Kwa Mzee Eliudi na wajumbe sita wa kamati ya ukumbi.

Shikamooni. Sitabishana nanyi tena kuhusu sanaa. Mwenyekiti ana hoja, nami nimechelewa kuikubali: mama aliyefiwa anastahili kitu cha kushika, na wengi wenu mliwapa kilichokuwepo. Lakini mama huyu mmoja hakupewa hata uongo wa huruma. Alipewa neno "hayupo" nanyi, akapewa tumaini la bure nami. Mwanawe hakuwa akienda mbele wala akirudi. Alikuwa amepiga magoti anawatoa wenzake matopeni kwa akili aliyotoka nayo nyumbani, akili ikakosea, kaka yangu akakanyaga. Hicho ndicho kilichotokea, na ukuta wenu kwa sasa unakisema.

Mnaweza kukifuta. Ukumbi ni wenu. Ninachodai ni hiki tu. Msimtume fundi. Jumamosi, saa nne asubuhi, njooni ninyi saba, kopo la rangi mlibebe wenyewe. Mtamkuta Martha amekaa mbele ya ndugu yake, na Martin amesimama nyuma ya kiti.

Mwombeni Martha asogee.